Vidole Vitatu Kwenye Shaba

Fomu ya vielelezo ina safu sita, na Sajenti Gwantwa Kibona alikuwa amejaza tano. Namba ya jalada. Tarehe. Mahali kilipokamatwa. Jina la mtuhumiwa: Yesaya Amoni Nzowa, mkulima wa kahawa, Isansa. Aina ya kielelezo: tromboni moja ya shaba, ya zamani. Safu ya sita iliuliza hali ya kielelezo, na hapo kalamu ilikuwa imesimama.

"Andika kibovu," alisema Koplo Moses. "Hakuna hakimu aliyewahi kusoma safu ya sita."

"Kibovu kivipi?"

"Ule mkono wake wa kuvuta hauvutiki. Nimejaribu mwenyewe."

"Nilikupa kazi ya kukilinda au ya kukipiga?"

Moses akacheka, akapulizia viganja. Baridi ya Juni ilikuwa imeingia Tunduma na haina mpango wa kutoka. Nje ya kituo malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yalinguruma bila kusogea, na moshi wake ulikuwa umefika mpaka kwenye majalada.

Malalamiko yalikuwa mafupi. Jana, Jumanne, mzee Samwel, kiongozi wa bendi ya tarumbeta ya usharika mmoja wa Isansa, alipiga simu kituoni kusema tromboni ya bendi imeibwa na mwana wa mpigaji. Ni tromboni iliyoachwa na Wajerumani, ina miaka zaidi ya mia, na ina namba 1147 karibu na kiungo. Dereva wa bodaboda alikuwa amemwona Yesaya akipanda basi la Tunduma na kiroba chenye kitu kirefu. Saa tisa mchana Moses akamkuta Yesaya kwenye kibanda cha fundi wa rejeta, nyuma ya maegesho ya malori, tromboni ikiwa mezani.

"Na namba imefutwa," Moses aliendelea. "Tazama hapo. Laini kama kipara. Ni kama zile pikipiki za Mei, mwizi anaanza na namba. Gari la mahabusu linakwenda mahakamani saa nane. Tumpakie, tukanywe chai."

Gwantwa aliichukua tromboni akaenda nayo dirishani.

Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Mdomo wake mpana ulikuwa na mibonyeo minne, mmoja umenyooshwa zamani na mtu mwenye nyundo na subira. Hapa na pale shaba ilikuwa imeliwa, imebaki madoa ya rangi ya waridi. Kitundu cha kutolea mate kilizibwa kwa kipande cha kandambili ya buluu. Na mwili mzima uling'aa, mng'aro mkali usiolingana na umri wake.

Akawasha tochi ya simu akaielekeza ubavuni.

"Moses, hebu. Unaona nini?"

"Mikwaruzo."

"Imekwendaje?"

"Mviringo. Mviringo juu ya mviringo."

"Mwizi wa pikipiki anasugua wapi?"

"Kwenye namba."

"Huyu amesugua kila mahali. Ingiza mkono mdomoni mwake. Taratibu. Imesuguliwa hadi wapi?"

Moses akaingiza mkono mpaka ukakwama. "Mpaka mkono unapoishia."

"Namba iko humo ndani?"

"Haiko." Moses akatoa mkono akautazama. Ulikuwa na unga wa kijivu. Gwantwa akaugusa kwa ncha ya kidole, akaunusa. Majivu ya jikoni.

Akaigeuza. Hapo ndipo alipoona sehemu moja ambayo haikuguswa. Ni pale kwenye vyuma viwili vya kushikia, panapokaa mkono wa kushoto wa mpigaji. Shaba yote iling'aa ila hapo. Hapo palikuwa peusi, pamekolea jasho kama mpini wa jembe la babu, na palikuwa na mabonde madogo yaliyochimbwa na kushikwa. Gwantwa akaweka vidole vyake. Dole gumba likapata bonde lake. Cha shahada kikapata. Cha kati kikapata. Viwili vya mwisho vikabaki juu ya chuma kilichonyooka, havina kwao.

Akahesabu tena. Akachora kwenye daftari mabonde matatu, akaandika: *Aliyesugua alizunguka hapa. Kwa makusudi.*

"Mlete Yesaya," alisema.

Yesaya alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, koti lake limefungwa vifungo vyote, viatu vimetolewa kamba kama desturi ya mahabusu. Alisalimia akakaa. Macho yakaenda kwenye tromboni yakabaki huko.

"Nionyeshe mikono."

Akaionyesha. Vidole kumi, vyote vizima, vyenye weusi wa maji ya kahawa.

"Tromboni ni ya nani?"

"Ya usharika, afande."

"Nani anaipiga?"

"Baba."

"Baba yuko wapi?"

Yesaya akatazama meza. "Yuko nyumbani."

"Anajua umeichukua?"

Yesaya akaingiza mikono chini ya meza.

"Nani ameisugua namba?"

Kimya. Siyo kimya cha mtu anayetafuta uongo. Gwantwa alikuwa amekaa na watafutaji wa uongo miaka kumi na sita. Hao macho yao hutembea. Ya huyu yalikuwa yametulia.

Kwenye bahasha ya kahawia juu ya kabati, simu ya mtuhumiwa ikaanza kutetemeka. Moses akaichungulia. "Mama," alisoma. "Simu ishirini na tatu tangu jana, afande. Huyu mama hachoki."

"Nikupokelee?" Gwantwa aliuliza.

"Usipokee!" Ndiyo mara ya kwanza Yesaya kupaza sauti. Akaishusha haraka. "Nakuomba, afande. Usipokee."

"Kwa nini?"

"Ataniuliza, na sina la kumjibu."

"Atauliza nini?"

Yesaya akasogea kwenye ukingo wa kiti. "Afande, naomba niulize na mimi, moja tu. Yule fundi alifika wapi? Mkono unavutika?"

Moses akaguna. Gwantwa akafunga daftari. Watu waliofungiwa huuliza dhamana, huuliza sigara, huuliza wakili. Huyu alikuwa amelala sakafuni usiku mzima, na swali lake lilikuwa hilo.

"Na huyu Boazi?" Moses aliingilia, simu mkononi. "Umempigia mara mbili jana. Boazi dalali. Anakusanya matarumbeta ya zamani, ana mteja Kitwe, ng'ambo ya mpaka. Hapo unasemaje?"

Yesaya alikuwa bado anatazama tromboni.

*

Kibanda cha Aliko, fundi wa rejeta, kilikuwa cha mabati matatu na jiko la mkaa. Hapo shaba na risasi huungwa tangu asubuhi, kwa sababu lori lenye rejeta inayovuja halivuki mpaka. Boazi alikuwepo, ameketi juu ya tairi, koti la ngozi, viatu vya kuchongoka. Alipomwona Gwantwa akaruka.

"Mulishani, mama!" Ulimi wake ulikuwa umezoea kuwasalimia wateja wa Zambia. "Nilijua utakuja. Nikasema bora nikutangulie."

"Mtu asiye na kosa anawatangulia polisi?"

"Mtu mwenye akili, mama."

"Unanunua matarumbeta."

"Nanunua kila kilicholia zamani. Kodiani, vinanda vya pumzi, saa za ukutani."

"Na tromboni ya Isansa?"

Utani ukamtoka Boazi usoni. Akakaa tena juu ya tairi. "Ile, mama, ningeuza hata kiwanja. Hizi mpya za kwenye maboksi zinalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Ile ilifuliwa kwa nyundo, na mtu, amekaa. Imekuwa nyembamba kwa uzee, basi ikipigwa husikii bati, unasikia koo la mtu. Miaka minane iliyopita nilikuwa mnadani Ihanda, ikapigwa kwenye maziko ng'ambo ya bonde. Niliacha mbuzi niliokwishawalipia. Nikaenda kusimama nyuma ya waombolezaji na kofia mkononi, kama mtoto wa marehemu."

"Ukatoa bei."

"Pale pale makaburini, Mungu anisamehe. Mzee Amoni, mwenye kuipiga, akaniuliza nina vidole vingapi. Nikamwambia kumi. Akasema, basi haitakutosha."

"Yeye anavyo vingapi?"

"Kushoto ana vitatu. Viwili vililiwa na mashine ya kumenya kahawa angali kijana."

Gwantwa hakuandika. Alikuwa ameshachora. "Na mwanawe jana?"

"Alipiga kuuliza kama namjua fundi wa shaba. Nikamtajia huyu. Akapiga tena yuko stendi, anauliza njia. Nikamwambia, kaka, unatengeneza ya nini, niuzie hivyo hivyo na ubovu wake. Akakata simu." Boazi akainua mabega. "Hakunitukana. Angenitukana ningejua la kusema."

Aliko alikuwa mfupi, nyusi zake zimeungua kwa kazi. Gwantwa akamgeukia.

"Fundi, ulikuta nini?"

"Mchanga, afande."

"Mchanga gani?"

"Ule mweupe wa mtoni wa kusugulia masufuria. Na majivu. Mkono wa kuvuta ni bomba ndani ya bomba, na nafasi kati yake haizidi karatasi. Ukisugua pale kwa mchanga ni sawa na kumsugua mtu jicho. Aliyefanya hakuwa na nia mbaya. Mwenye nia mbaya hafanyi kazi safi namna ile. Alisugua kwa bidii, kipande kwa kipande, akairudishia."

"Ungeweza kuitengeneza?"

"Nilikuwa nimeanza kuisafisha kwa mafuta ya taa, askari wako akaingia. Saa moja nyingine ingetosha. Isingerudi kama zamani. Ingevutika."

"Alikuwa na haraka?"

Aliko akafikiri. "Nilimpa stuli, hakukaa. Nikamwambia nina rejeta nne mbele, njoo Ijumaa. Akaniambia, fundi, Ijumaa haipo."

"Haipo kivipi?"

"Ndivyo alivyosema. Ijumaa haipo. Nikaweka rejeta pembeni."

*

Mzee Samwel alifika kituoni saa sita na nusu, ametoka Isansa kwa pikipiki mpaka barabara kuu na kwa basi kutoka hapo. Alikuwa na koti jeusi la ibada na vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmeipata?"

"Ndiyo tuliyokuitia. Utaitazama, utaniambia ni yenu au si yenu."

Tromboni ilikuwa mezani chini ya shuka. Gwantwa akaifunua. Mzee akaitazama kwa muda mfupi tu.

"Siyo hii."

Moses akageuka kutoka dirishani.

"Tazama vizuri, baba."

"Mwanangu, nimekaa kushoto kwa ile tromboni miaka thelathini na minne, mimi na tarumbeta langu la besi. Ile ni nyeusi kama chungu. Hii inang'aa kama ya dukani. Yesaya ameuza ya usharika, hii kapewa ya kutudanganyia." Akapangusa vumbi la kope. "Tangu baba yake augue nilimwogopa yule dalali. Nilijua mtoto atashawishika."

"Ndiyo maana ya namba, afande," Moses alinong'ona. "Hii haikuwahi kuwa na namba. Ni nyingine!"

Lilikuwa wazo zuri, na lilikuwa limesimama mlangoni linangoja kukaribishwa. Gwantwa akalipita. Akaigeuza tromboni, upande wa mkono wa kushoto ukawa juu.

"Baba, ishike kama anavyoishika Amoni."

Mzee Samwel akasita, akanyoosha mkono. Dole gumba likazama. Cha shahada, cha kati. Vidole vyake viwili vya mwisho vikabaki hewani, vinatafuta. Hakuuondoa mkono. Akaketi kwenye benchi huku bado ameishika.

"Ni yenyewe," alisema.

"Andika, Moses. Imetambuliwa." Gwantwa akavuta kiti akakaa mbele ya mzee. "Sasa nisaidie, baba, mimi mtu wa milima ya Ileje, desturi za bendi yenu sizijui. Hii nani huwa anaiosha?"

"Haioshwi. Amoni anaifuta kwa kitambaa. Mafuta ya alizeti tone moja kwenye mkono wa kuvuta. Shaba kuukuu haioshwi, inaliwa."

"Haioshwi kabisa? Hata sikukuu?"

"Hata sikukuu. Huoshwa..."

Mdomo wa mzee ulibaki wazi kidogo. Moses akadhani anataka maji, akaelekea kwenye mtungi. Gwantwa akamzuia kwa kiganja.

"Malizia, baba. Huoshwa lini?"

"Huoshwa mara moja." Sasa mzee alisema polepole, kama anayesoma maandishi madogo. "Mpigaji akimaliza safari. Mke wake huosha vyombo vyote alivyovishika mumewe, sahani, kikombe, jembe, na tromboni nayo. Akishaiosha ndipo inakwenda kwenye mkono mwingine. Aliyeipiga kabla ya Amoni, mkewe aliiosha kwa maji na majani tu. Lakini huyo alikuwa ameelekezwa na wazee."

"Anaiosha kabla watu hawajaambiwa, au baada?"

"Kabla. Kwetu mtu wa bendi akimaliza hasemwi kwa mdomo, mwanangu. Wala kwa simu. Yeye ndiye aliyewatangazia wengine maisha yake yote, basi naye anatangazwa na chombo chake. Mrithi wake anapanda kilima cha kanisa, anaipiga mara tatu. Mpaka hapo hakuna mtu, hata mke, hata mtoto, anayelia. Ukimsema kwa mdomo kabla, umemzika kama mbwa."

Malori yalinguruma nje. Gwantwa aliuliza swali lililobaki kwa sauti ya chini.

"Jana ulipokwenda kwake, Mama Yesaya alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anachambua maharage. Akanikaribisha vizuri. Nikamwuliza, mgonjwa anaendeleaje? Akaniambia, amelala. Nikainua macho nikaona msumari ukutani, tromboni haipo, nikawaza wizi. Umri wote huu, nikauona msumari mtupu nikawaza wizi." Alikuwa bado ameishika shaba kwa vidole vitatu. "Alinipa chai. Pale mlango wa chumba una pazia la maua. Mwanangu, nilikunywa vikombe viwili. Cha pili nilikiomba mwenyewe."

*

Yesaya aliletwa tena. Alipomwona mzee Samwel akasimama mlangoni.

"Kaa," Gwantwa alisema. "Nina maswali mawili. Sitakuuliza kitu cha kutamka. Ukikubali utatikisa kichwa, inatosha."

Yesaya akakaa.

"Mama yako ndiye aliyeiosha."

Akatikisa kichwa.

"Jana alfajiri, kabla hujaondoka."

Kichwa kikaenda chini, kikachelewa kupanda.

"Basi. La tatu siulizi."

Hapo ndipo macho ya Yesaya yalipoanza kutembea, kwa mzee, kwa tromboni, kwa Gwantwa. Akaona kwamba chumba kizima kinajua na hakuna aliyesema.

"Hakuna aliyemfundisha, afande," alisema. "Aliona ile shaba nyeusi, akaona ataniaibisha kilimani. Alifikiri ni kama sufuria. Alipoirudishia ikakataa kuvutika. Akaniambia, Yesaya, nimemziba baba yako mdomo."

"Ungeniambia jana jioni, ungelala kwenu."

"Ningesema hapa, ingekuwa imesemwa polisi."

Mzee Samwel akasimama kwa kushika meza. "Mwanangu, niandikie nafuta malalamiko. Niandikie kubwa, nitie saini." Akamgeukia Yesaya, akamfunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka.

Tatizo likabaki la kazi. Jalada lilikuwa limefunguliwa, mkuu wa upelelezi alikuwa kwenye kikao Vwawa mpaka kesho, na bila saini yake mtuhumiwa haachiwi na kielelezo hakitoki. Moses alilieleza hilo kwa huzuni ya kweli. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Gwantwa akapiga simu Vwawa.

"Afande, ni Kibona. Kesi ya tromboni. Mlalamikaji anafuta. Ndiyo. Lakini nimekagua jalada, eneo la tukio halijatembelewa... Ndiyo, ni uzembe, afande. Naomba ruhusa nikalikague leo, na mtuhumiwa akanionyeshe... Na kielelezo pia, kwa ulinzi wangu. Ndiyo, afande. Nitaandika ripoti."

Akakata.

"Eneo la tukio ni wapi?" Moses aliuliza.

"Msumari uko wapi?"

"Isansa."

"Basi lete ufunguo wa gari. Na mrudishie kamba za viatu."

Walipitia kwa Aliko. Kwenye daftari Gwantwa aliandika kwamba kielelezo kilipelekwa kwa mtaalamu kwa uchunguzi, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa asilimia fulani. Aliko aliyaosha mabomba kwa mafuta ya taa mara nne, kila mara mchanga ukishuka kwenye karai. Akayapitisha kwenye kitambaa, akayatazama dhidi ya jua, akayanyoosha kwa vidole tu. Boazi alishika karai. Hakutaja bei. Mwishoni Aliko alitia tone la mafuta ya alizeti, akavuta. Mkono ukateleza, ukateleza, ukagota kabla ya mwisho.

"Hapo hauendi," alisema. "Ukiulazimisha utavunjika. Pengine pote unakwenda."

"Kiasi gani kimepotea?" Gwantwa aliuliza.

Yesaya aliupima kwa jicho. "Sauti moja, afande. Ya chini."

Simu ikatetemeka kwenye bahasha. Gwantwa akaitoa, akampa. Yesaya akasogea hatua mbili.

"Mama. Inavutika. Si yote, lakini inavutika." Akasikiliza. "Bado, mama. Vumilia kidogo. Kabla ya jua kuzama." Akarudisha simu.

"Amesemaje?" Moses aliuliza.

"Ameuliza kama anaweza kuanza."

Hakuna aliyemuuliza kuanza nini. Boazi akaenda kumwaga karai.

*

Walifika Isansa saa kumi na moja kasoro. Jua lilikuwa bado juu ya mibuni, jekundu, bila joto. Nyumba ya Amoni ilikuwa chini ya kilima cha kanisa: bati jekundu, mlango umefungwa, kwenye ua ungo wa maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Mlangoni alikaa mwanamke mwenye kitenge kipya, amenyooka, mikono mapajani. Huyo ndiye Marta, mama yake Yesaya. Mzee Samwel alimpita akamwinamia bila neno, naye akaitikia kwa kichwa. Watu wawili walikuwa wakishuka njia na majembe. Walisalimia, wakatania kuhusu gari la polisi, wakapita. Hawakujua.

Gwantwa aliingia ndani peke yake, kama ripoti ilivyotaka. Msumari ulikuwepo, na chini yake ukuta ulikuwa na alama nyeusi yenye umbo la tromboni. Pazia la maua hakulifungua. Aliandika saa, akatoka.

Juu ya kilima Yesaya alisimama ametazama bonde. Mzee Samwel alisimama kushoto kwake, mahali pake pa miaka thelathini na minne, bila besi. Yesaya akaweka mkono kwenye sehemu nyeusi. Vidole vyake viwili vya mwisho havikujua pa kukaa, akavikunja.

Akapiga.

Gwantwa alielewa alichosema Boazi. Halikuwa bati. Sauti ilishuka kwenye mibuni, ikapanda ng'ambo, ikarudi, na wale wawili wenye majembe wakasimama njiani kama walioitwa kwa majina yao. Wimbo ulikwenda taratibu mpaka kwenye ile sauti ya chini. Mkono ukagota. Yesaya hakuulazimisha. Aliacha pale patupu, akahesabu urefu wake wote bila kupumua, ndipo akaendelea.

Mara ya pili, ni vile vile. Milango ilikuwa imeanza kufunguka. Watu walitoka mashambani wakiwa na vikapu viunoni, wakatua vikapu.

Mara ya tatu wimbo ulipofika pale patupu, hapakuwa patupu. Kutoka kwenye mlango wa nyumba ya bati jekundu sauti ya mwanamke ilipanda, moja, ndefu, iliyokuwa imefungwa siku mbili. Yesaya aliisubiri iishe. Kisha akamalizia.

Gwantwa alirudi kwenye gari. Aliweka fomu juu ya boneti, akaifuta vumbi kwa kiganja, akasoma safu zote tano tangu juu. Bonde zima sasa lilikuwa linalia, na Moses alikuwa amevua kofia. Gwantwa akaandika kwenye safu ya sita kwa mwandiko wa kazi, herufi moja moja:

*Kuukuu. Kimekwaruzika mwili mzima kwa mchanga na majivu. Namba haisomeki, kimetambuliwa kwa alama za vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Kinafanya kazi.*